Muhula wa Kwanza wa Cheti: Jinsi ya Kupita Masomo ya Utangulizi Bila Sapu

Kila vyuo vya Dar es Salaam vinapopokea wanafunzi wapya, maswali huwa yaleyale. Ninunue kikokotoo gani? CA ni kitu gani na inahesabiwaje? Nisome desa, yaani notisi za kunakiliwa zinazouzwa steshenari, au kitabu? Mbona Form Four nilipata B ya hesabu na huku nimekula sapu, yaani mtihani wa marudio? Majibu yako hapa, kwa anayeanza astashahada ya awali, yaani ngazi ya 4 ya NTA (mfumo wa kitaifa wa tuzo za ufundi), awe wa biashara, TEHAMA, ufundi au afya.

Shika jambo moja mapema: somo la utangulizi halifelishi watu kwa ugumu wake. Kila somo lina bawaba, ujuzi mmoja ambao yote yanayofuata yanauning'inia. Bawaba hiyo hufundishwa wiki mbili tatu za mwanzo, harakaharaka, wakati wengi bado wako kwenye foleni ya usajili au wanahangaikia ada. Aliyeikosa hujiona mzito wa kichwa muhula mzima, kumbe alichokosa ni vipindi vitatu. Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja Hatua ya 3.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Sifa kwanza. Ngazi ya 4 kwa kawaida inataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D, bila kuhesabu masomo ya dini. Kozi za afya huongeza masharti ya sayansi. Kama hufikii hapo, usimlipe mtu anayekuahidi "kukuingiza". Zipo njia halali. Unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ambaye hakusoma sekondari kabisa huanza na mtihani wa maarifa (QT), akishafaulu ndipo afanye wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, inashughulika na watu wa namna hiyo. Anayetaka ufundi wa mikono aulizie VETA Chang'ombe, au chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho jirani, kama cha Kisarawe.

Nyaraka: cheti cha kuzaliwa, cheti au hati ya matokeo ya Form Four, barua ya kukubaliwa, fomu ya afya iliyojazwa hospitali, kadi ya bima, picha za pasipoti 6, na risiti ya malipo. Toa kopi 3 za kila kimoja, halafu vipige picha na ujitumie kwa barua pepe. Simu huibiwa Kariakoo, barua pepe haiibiwi kwenye daladala.

Vifaa:

- Kikokotoo cha sayansi. Casio ya aina ya fx-82 inatosha kwa biashara na afya. Wa umeme, ujenzi na mitambo wachukue fx-991, kwa sababu inatatua milinganyo na matriki. Kabla ya kulipa, andika 2 + 3 × 4 mbele ya muuzaji. Ikitoa 20 badala ya 14, hicho ni cha wauza duka, si cha sayansi, kirudishe. Usinunue kinachopokea programu. Vyumba vingi vya mtihani vinakikataza.
- Kaunta buku moja kwa kila somo. Daftari moja la masomo yote linapotea mara moja tu, na muhula wote unapotea nalo.
- Flashi ya GB 16, rula, penseli, kalamu nyeusi au ya bluu, na nyekundu moja ya kujisahihisha.
- Anwani ya barua pepe yenye jina lako halisi. Wakufunzi hawazifungui kazi zilizotumwa na "mtotowamjini".

Laptop si lazima muhula wa kwanza kama chuo kina maabara ya kompyuta na wewe uko tayari kuwahi kiti.

Hatua ya 1: Thibitisha chuo, kozi na jina lako

Ingia kwenye tovuti ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, utafute chuo chako. Angalia vitu viwili tofauti: kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba kozi unayoitaka imo kwenye orodha ya kozi zake zinazotambuliwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili safi na bado kikatangaza kozi isiyotambuliwa. Madhara yake hayaonekani leo. Yanaonekana ukimaliza diploma, unapotaka kuomba shahada ukahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN, na mfumo haukujui.

Kisha jina. Jina la cheti cha kuzaliwa, la Form Four na la usajili wa chuo yafanane herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kina Mohamed na kingine Mohammed, anza kurekebisha wiki ya kwanza, kwa kiapo cha mwanasheria au hati ya kubadili jina kadiri ofisi ya udahili itakavyoelekeza. Hakikisha pia namba yako ya mtihani wa Form Four, ile inayoanza na S au P ikafuatwa na namba ya shule, ya mtahiniwa na mwaka, imeingizwa sawasawa. Tarakimu moja ikikosewa, matokeo yako yanakwenda kwa mtu mwingine au hayaendi popote.

*Tahadhari:* chuo cha serikali hulipwa kwa kontro namba. Ukiambiwa utume ada kwenye namba ya simu ya mtu, hata kama mtu huyo ana kitambulisho cha chuo shingoni, usitume.

Hatua ya 2: Soma prospekta ukiwa na kalamu

Prospekta ni kitabu cha mwongozo wa chuo. Usiisome yote. Tafuta mambo manne uyaandike ukurasa wa kwanza wa kaunta buku: krediti za kila moduli (yaani kila somo), mgawanyo wa alama kati ya kazi za muhula (CA) na mtihani wa mwisho, kiwango cha chini cha CA kinachokuruhusu kuingia kwenye mtihani, na kiwango cha mahudhurio.

Krediti si pambo. Krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, pamoja na za darasani na zako binafsi. Muhula wenye krediti 60 ni saa 600. Ukigawa kwa wiki 15, ni saa 40 kwa wiki. Hesabu vipindi vya ratiba. Vikiwa saa 22, saa 18 zilizobaki ni deni lako la kila wiki, na hakuna mkufunzi atakayekuja kulidai hadi siku ya mtihani.

Krediti ndizo pia zinazoamua GPA, yaani wastani wa pointi zako. Kwa ngazi ya 4, A huanzia 80, B huanzia 65, C huanzia 50. Chini ya hapo ni sapu au kurudia. A ina pointi 4, B 3, C 2. Zidisha pointi kwa krediti za moduli, jumlisha, gawa kwa krediti zote. Mfano:

- Moduli ya krediti 12, A: 48
- Moduli mbili za krediti 10, zote B: 30 + 30
- Moduli ya krediti 10, C: 20
- Moduli mbili za krediti 9, zote C: 18 + 18

Jumla 164, gawa kwa 60, unapata 2.73, itakayoandikwa 2.7. Kama ile moduli ya krediti 12 ungeipatia C, jumla ingeshuka hadi 140, na GPA ikawa 2.3. Kwa hiyo moduli nzito ipewe saa nyingi hata kama huipendi. Wanafunzi hufanya kinyume: wanasoma sana wanachokipenda.

Ukipanga saa hizo, usijidanganye kuhusu safari. Anayetoka Gongo la Mboto au Mbagala kwenda Posta asiandike "kusoma" kwenye saa za daladala. Akiwa amesimama mlangoni hasomi. Saa hizo zifae kujiuliza maswali kichwani tu. Nyumbani kukiwa na kelele au umeme unakatika, Maktaba Kuu ya Taifa ipo Bibi Titi Mohamed, ina meza na utulivu, na kutoka DIT au CBE unafika kwa miguu.

Hatua ya 3: Ijue bawaba ya kila somo, na uishike kabla ya wiki ya nne

*Uhasibu.* Hapa ndipo panapoangusha wengi, na chanzo kimo mifukoni mwao. Benki ikituma ujumbe kwamba akaunti yako imedebitiwa, pesa imetoka. Mwanafunzi anaingia darasani akiamini debiti ni kutoka na krediti ni kuingia, halafu mkufunzi anaandika fedha iliyoingia upande wa debiti. Kichwa kinafunga hapohapo. Benki haijakosea, inaandika kwa kusimama upande wake. Pesa uliyoiweka kule ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe. Ukitoa, deni lake linapungua, nayo inadebiti. Wewe unaandika vitabu vya biashara yako, si vya benki.

Kanuni ni hii, na uikariri kama namba yako ya simu. Mali, manunuzi na gharama vikiongezeka, andika kushoto, debiti. Mtaji, madeni unayodaiwa na mapato vikiongezeka, andika kulia, krediti. Kikipungua, geuza upande.

Chukua duka la vifaa vya shule pale Tandika. Mwenye duka anaweka mtaji wa taslimu 2,000,000. Ananunua bidhaa kwa taslimu 800,000. Anaiuzia shule kwa mkopo 300,000. Analipa pango 150,000 taslimu. Kila tukio linagusa akaunti mbili:

1. Fedha debiti 2,000,000. Mtaji krediti 2,000,000.
2. Manunuzi debiti 800,000. Fedha krediti 800,000.
3. Mdaiwa (shule) debiti 300,000. Mauzo krediti 300,000.
4. Pango debiti 150,000. Fedha krediti 150,000.

Salio la Fedha ni 1,050,000. Sasa tengeneza urari, yaani orodha ya masalio yote. Kushoto: Fedha 1,050,000, Manunuzi 800,000, Mdaiwa 300,000, Pango 150,000, jumla 2,300,000. Kulia: Mtaji 2,000,000, Mauzo 300,000, jumla 2,300,000. Zimelingana.

Fanya miamala 10 ya namna hii kila siku kwa wiki mbili, kwa mkono, kwenye karatasi yenye mstari katikati. Usitazame majibu hadi urari ulingane. Na fahamu kwamba urari kulingana si ushahidi wa usahihi: ukiandika pango kwenye akaunti ya manunuzi, jumla zitalingana vilevile. Uchakavu wa mali, suluhisho la benki, mizania, vyote vya mbele ni kanuni hiyohiyo imevaa nguo nyingine.

*Hesabu.* Bawaba ni asilimia na kuhamisha herufi kwenye fomula. Swali linalokamata watu kila mwaka: bei pamoja na VAT ya asilimia 18 ni shilingi 118,000, VAT ni kiasi gani? Wengi huzidisha 118,000 kwa 18%, wanapata 21,240. Si hivyo. Ile 118,000 tayari ni asilimia 118 ya bei halisi, kwa hiyo VAT ni 118,000 × 18 ÷ 118 = 18,000. Uliza daima: asilimia ya nini?

Kwenye kikokotoo, angalia mambo mawili. Ukibonyeza −3 kisha kipeo cha 2 bila mabano unapata −9. Ukitaka 9, weka (−3). Na kabla ya swali lolote la pembe, jaribu sin 30. Ikitoka 0.5, mko sawa. Ikitoka −0.988, mashine iko kwenye hali ya radiani, irudishe kwenye digrii.

*Kompyuta.* Watu hujifunza kupamba maandishi wakaacha Excel, ambako ndiko alama ziliko. Bawaba ni kuelewa kwamba fomula iliyoburutwa inahama. Tuseme bei ziko safu ya B na kiwango cha kodi kiko seli ya E1. Ukiandika =B2*E1 ukaiburuta chini, mstari unaofuata unakuwa =B3*E2, E2 ni tupu, jibu ni sifuri. Andika =B2*$E$1; alama za dola huifunga seli isihame. Kitufe cha F4 huziweka chenyewe (kwenye laptop nyingi bonyeza pamoja na Fn).

Kosa la kwetu hasa: kuandika bei kama 1,200/=. Excel inaliona hilo ni neno, si namba, na SUM itairuka. Andika 1200 tu. Koma na alama ya shilingi ziwekwe kwa mpangilio wa seli. Ukiona namba imekaa kushoto ya seli bila wewe kuipanga hivyo, ishuku.

Kwa Word, jifunze mitindo ya Heading 1 na Heading 2 siku ya kwanza, halafu yaliyomo yatajitengeneza. Anayepiga nukta nukta kwa mkono hadi namba ya ukurasa atazipiga tena kila akiongeza aya.

*Umeme na fizikia ya ufundi.* V = I × R na P = V × I, basi: V ni volti, I ni mkondo kwa ampea, R ni ukinzani kwa omu, P ni nguvu kwa wati. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Pasi ya wati 1,150 inavuta 1,150 ÷ 230 = ampea 5, na ukinzani wake ni 230 ÷ 5 = omu 46. Ukiitumia saa 2 imekula kilowati 1.15 × 2 = uniti 2.3 za LUKU. Pita nyumbani usome kibandiko cha kila kifaa ukokotoe ampea zake. Hilo ni zoezi bora kuliko maswali 20 ya kitabu. Alama hupotea kwenye vizio: mili, kilo na mega, na hasa milimita za mraba, ambapo 1 mm² ni sehemu moja ya milioni ya mita ya mraba, si sehemu moja ya elfu.

*Afya.* Majina ya viungo yanakaririka kwa kuchora bila kuangalia, si kwa kusoma mara nyingi. Bawaba lakini ni hesabu ya dozi. Mfano wa mazoezi: dawa hutolewa miligramu 15 kwa kilo, mtoto ana kilo 12, dawa ya maji ina miligramu 120 kwa kila mililita 5. Mahitaji: 15 × 12 = miligramu 180. Kiasi: 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5. Andika kizio kila mstari. Asiyeandika vizio huku anafeli mtihani. Wodini angeleta balaa.

*Stadi za mawasiliano.* Wanaolidharau somo hili wanalipia. Maswali yapo kwa Kiingereza na kitenzi cha swali ndicho kinachotoa alama. "State" inataka orodha, mstari mmoja kwa hoja. "Explain" inataka hoja, sababu na mfano. "Discuss" inataka pande zaidi ya moja na msimamo wako. Tazama alama: swali la hoja tano lenye alama 10 lina alama 2 kwa hoja, moja ya kuitaja na moja ya kuieleza. Aliyejaza kurasa tatu kwa hoja mbili amepata alama 4.

Hatua ya 4: Mzunguko wa kila wiki

1. Siku ileile ya kipindi, funga daftari. Andika kwenye karatasi tupu unachokikumbuka kwa dakika 15. Fungua, jazia mapengo kwa kalamu nyekundu. Mekundu ndiyo ya kusoma.
2. Kila msamiati mpya wa Kiingereza, andika maana yake kwa Kiswahili kando, kwa maneno yako. Usitafsiri sentensi nzima.
3. Katikati ya wiki, kutana na kundi la watu watatu au wanne. Kila mmoja afundishe mada moja akiwa amesimama. Kundi la watu tisa ni kijiwe.
4. Jumamosi, fanya maswali mawili ya mitihani iliyopita kwa saa, bila desa mezani.

Kuhusu desa: linakuonyesha mada zinazopendwa kuulizwa, na kwa hilo linafaa. Halimfundishi mtu hesabu, na la miaka mitatu nyuma linaweza kuwa la mtaala mwingine. Linganisha namba ya moduli iliyo juu ya desa na iliyo kwenye ratiba yako kabla hujalipa steshenari.

Hatua ya 5: Linda CA yako

Tuseme CA ina alama 40 na mtihani 60, na unahitaji 50 kupita. Ukiingia na CA ya 14, unadaiwa 36 kwenye 60, sawa na asilimia 60 ya mtihani. Ukiingia na 28, unadaiwa 22 tu, chini ya asilimia 37. (Vyuo vingine vinataka pia kiwango cha chini kwenye mtihani wenyewe, uliona prospekta.) Jaribio la wiki ya tano lina thamani kuliko mkesha wa wiki ya kumi na tano.

Kila kazi iwe na jalada: jina, namba ya usajili, namba na jina la moduli, jina la mkufunzi, tarehe. Ukikabidhi, saini kwenye orodha na uipige picha. Jaribio likirudishwa, jumlisha alama mwenyewe kabla mkufunzi hajatoka. Makosa ya kujumlisha yapo, na yanarekebishwa papo hapo bila barua. Hifadhi karatasi zote hadi matokeo ya mwaka yatoke.

*Tahadhari:* kazi ya kundi ambayo jina lako limeandikwa tu hukuumbua siku ya kuiwasilisha. Na kunakili kutoka mtandaoni bila kutaja chanzo ni kosa la kitaaluma. Mkufunzi anaujua Kiingereza chako cha kawaida.

Kabla ya kuchapisha steshenari, geuza faili liwe PDF. Word ya kwao inaweza kuhamisha kurasa, na flashi yako itarudi na virusi. Jitumie faili kwa barua pepe badala yake.

Hatua ya 6: Siku ya mtihani

Chukua kitambulisho, kadi ya mtihani, kalamu mbili na kikokotoo. Simu iache nje. Hata ikiwa imezimwa mfukoni, kanuni nyingi zinaihesabu kama udanganyifu, na adhabu yake si sapu, inaweza kuwa kufukuzwa.

Saa 3 ni dakika 180. Mtihani ukiwa wa alama 100, toa dakika 1.5 kwa alama: dakika 150 za kujibu, 10 za kusoma maswali mwanzo, 20 za kukagua. Swali la alama 10 likifika dakika 15, acha nafasi, songa mbele. Anza na unalolijua. Kwenye hesabu, onyesha njia hata ukiwa na shaka na jibu, kwa maana njia ina alama zake. Soma maelekezo ya sehemu za hiari. Ukijibu maswali matano pale palipotakiwa matatu, la nne na la tano huenda yasisahihishwe.

Ukikwama

*Urari haulingani.* Tafuta tofauti ya jumla mbili. Ikigawanyika kwa 9, pengine umegeuza tarakimu: 540 imeandikwa 450, tofauti 90. Kama si hivyo, gawa tofauti kwa 2 na utafute kiasi hicho: kimewekwa upande usio wake. Katika mfano wa Tandika, pango likiwekwa kulia, jumla zinakuwa 2,150,000 na 2,450,000. Tofauti ni 300,000, nusu yake ni 150,000, na hilo ndilo pango. Njia zote mbili zikishindwa, kuna akaunti umeiruka. Hesabu majina, si fedha.

*Excel inaonyesha ####.* Safu ni nyembamba, ipanue. #DIV/0! unagawa kwa sifuri au seli tupu. #NAME? umekosea jina la fomula au umesahau alama za nukuu kwenye neno. #REF! umefuta seli ambayo fomula ilikuwa inaitegemea. Bonyeza Ctrl+Z mara moja.

*Fomula inaonekana kama maandishi.* Umesahau alama ya =, au seli imepangwa kuwa ya maandishi. Badili mpangilio wa seli, kisha uandike upya.

*Simwelewi mkufunzi anavyozungumza.* Soma mada kabla ya kipindi, dakika 20 tu, uandike maneno kumi usiyoyajua. Kaa viti vya mbele. Muulize baada ya kipindi swali moja mahususi: "hapa mstari wa tatu umepataje 46?" Ukimwambia "sijaelewa chochote" hana pa kuanzia.

*Nimechelewa kuripoti wiki tatu.* Usianze na mada ya leo. Chukua kaunta buku ya mwenzako, fanya bawaba ya kila somo kwa siku mbili mbili, kisha uungane na darasa. Muulize mwakilishi wa darasa ni majaribio gani yamepita, na mwandikie mkufunzi barua ya kuomba kufanya jaribio ulilokosa, ukiambatanisha ushahidi wa sababu.

*Ada haijakamilika na mtihani umekaribia.* Nenda ofisi ya fedha kabla ya orodha kufungwa, na barua ya kuomba kulipa kwa awamu yenye tarehe na viwango. Anayekuja asubuhi ya mtihani huwa hana wa kumsikiliza, hata kama ana nusu ya fedha mkononi.

*Jina halipo kwenye orodha ya watahiniwa.* Kagua tatu: malipo yameonekana kwenye mfumo, moduli zimesajiliwa, CA imeingizwa. Beba risiti na picha ya skrini kwa afisa mitihani. Mwakilishi wa darasa anaweza kukusindikiza, asikuwakilishe.

*Matokeo yanasema hayajakamilika.* Mara nyingi ni alama ya CA isiyoingizwa. Hapo ndipo zile karatasi ulizohifadhi zinafanya kazi: mpelekee mkufunzi karatasi yenyewe, akithibitisha, ifike kwa afisa mitihani ndani ya muda wa rufaa uliotangazwa.

*Nimepata sapu.* Vyuo vingi havitoi zaidi ya C kwenye sapu hata ukipata 90, kwa hiyo lengo ni kupita tu. Omba kuona mgawanyo wa alama ili ujue kama ulianguka kwenye CA au kwenye mtihani. Rudi kwenye bawaba ya somo hilo siku tatu za kwanza, kisha mitihani iliyopita siku zote zilizobaki. Tarehe ya sapu ithibitishe kwenye ubao wa matangazo wa chuo au tovuti yake, usitegemee kundi la WhatsApp, na kama sapu inalipiwa, chukua kontro namba mapema.